Nilivyokuwa Mwenyekiti wa Moshi

Usiku wa jana niliota dohani ya kiwanda, ile ndefu inayotoa moshi juu ya paa, imekuja kupiga hodi nyumbani kwangu. Ilikuwa imevaa suti na tai, na kule juu mdomoni imezibwa kwa tambara. Ilibidi iiname mara mbili ndipo iingie, maana mlango wangu mfupi.

"Shikamoo, mzee," ikasema. Sauti ilitokea ubavuni, kwenye ufa.

"Marahaba. Karibu ukae juu ya gunia hapo. Viti sina."

"Ahsante. Mimi ndiye Katibu Mkuu wa Shirika la Dunia la Kunasa na Kuhifadhi Hewa ya Ukaa. Nimetumwa kukuchukua. Umechaguliwa kuwa Mwenyekiti."

Sikushangaa. Nikauliza tu kwa nini mimi.

"Mimi muuza mkaa," nikasema.

"Tunajua."

"Shule niliishia darasa la nne, tena njiani."

"Hilo nalo tunalijua. Lakini kanuni ya shirika inasema anayewalaumu viongozi kuliko watu wote ndiye akalie kiti. Tumetega sikio dunia nzima. Aliyekufuatia ni bwana mmoja wa Bolivia, lakini yeye Jumapili hupumzika."

Hapo Katibu alisema kweli. Mimi sipumziki.

Mke wangu Mwanamvua alifariki masika haya kwa kifua. Pumzi zilimpungua, nikampeleka zahanati kwa baiskeli. Mtungi wa hewa ulikuwepo. Niliuona kwa macho yangu dirishani, umesimama stoo kama mgeni wa heshima. Stoo imefungwa, ufunguo anao bwana mkubwa wa pale, na bwana mkubwa yuko mjini kwenye semina, simu kazima kwa sababu kikao kinaendelea. Nesi alilia. Mimi niligonga ule mlango kwa bega mpaka bega likavimba. Mlango ule ndicho kitu pekee pale kilichotengenezwa vizuri.

Basi toka siku hiyo nawalaumu. Namlaumu bwana mkubwa, namlaumu aliyemwita semina, namlaumu aliyemtuma aliyemwita. Hata redioni wakisema huko Ulaya kuna wakubwa wananasa moshi wa viwandani kabla haujapanda juu, wanausukuma chini ya miamba na kuufungia huko ili usiipashe dunia joto, mimi hujibu hapo hapo: hao nao wana stoo, na stoo ina ufunguo, na mwenye ufunguo yuko semina.

"Twende," nikamwambia Katibu. Nikavaa kanzu yangu ya Idi juu ya msuli. Matusi ya kuwaambia wakubwa nilishayapanga zamani, kila mmoja na lake.

Tunatoka nje, na nje si uani kwangu. Ni ndani ya mwamba. Kuta za jiwe, dari ya jiwe, na katikati ukumbi mkubwa wenye zulia na taa. Wajumbe wa nchi zote wamekaa, kila mmoja na mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyokatazwa kwetu. Mjumbe akitaka kutoa pumzi anapulizia mfukoni, anakuja mhudumu anafunga mdomo wa mfuko na kuondoka nao taratibu kama amebeba mtoto.

"Humu pumzi haitolewi ovyo," Katibu ananinong'oneza. "Sisi ni mfano kwa wengine."

Kule mbele kuna chumba cha chuma kimening'inizwa kwa minyororo juu ya shimo refu. Chumba kina mlango, na mlangoni pana kitundu kimoja.

"Lile ndilo Ghala Kuu," Katibu anasema, ananivika kamba shingoni yenye ufunguo. "Moshi ulionaswa huingizwa kwenye kitundu. Kuingia hakuna shida, ufunguo ni wa kutoka. Uko mmoja tu. Na kanuni inasema mwenye ufunguo hatoki kikaoni mpaka kikao kifungwe."

"Kikao hufungwa lini?"

"Hakijawahi."

Nikaenda kwenye kiti changu. Kiti chekundu, kina mikono mipana. "Karibu, Mheshimiwa," kikasema, kikanikumbatia kiunoni. Wallahi sijawahi kukalia kitu laini namna ile. Nikafumbua kinywa nianze matusi yangu. Nikayatafuta, sikuyaona.

Wakaanza kuleta waliokamatwa. Askari wa shirika walikuwa wameshika vyandarua, vile vya msaada vya kuzuia mbu, na ndani yake moshi umefungwa pingu.

Wa kwanza alikuwa moshi wa kiwanda kikubwa, mweusi, mnene. Huyo pingu alivuliwa mlangoni. Alikuja na wakili.

"Mteja wangu," wakili akasema, "ni moshi mwenye familia. Watu wengi wanakula kwake. Anaomba aachiwe aende nyumbani, atakuja kujisalimisha mwenyewe wajukuu wake wakishakua."

Nilitaka kusema: mtieni ndani huyo. Nilishika hata mkono wa kiti nisimame. Lakini kilichotoka kinywani kilikuwa hiki:

"Tumelipokea. Tutalifanyia kazi."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ikaletwa chai ya maziwa na sambusa za nyama.

Wa pili alikuwa moshi mdogo, mwembamba, peke yake na pingu zake.

"Wewe wa wapi?" nikamuuliza.

"Mimi wa mahindi ya kuchoma, mzee. Pale stendi."

"Wakili wako yuko wapi?"

"Sina. Mama kaniambia niseme samahani tu."

"Ghalani," nikasema.

Wakamsukumiza kwenye kitundu. Alipita bila kelele. Nikaona haya kidogo, lakini kiti kikanikanda mgongo, haya ikapoa kama uji uliopulizwa.

Ndipo Katibu akasimama, akagusa dari, akatangaza kwamba sasa shirika litafanya mazishi rasmi. Ghala Kuu litashushwa shimoni na mwamba utafunikwa juu yake, na chochote kilichomo hakitaonekana tena mpaka dunia iishe. Wajumbe wote wakasimama. Minyororo ikaanza kulia.

"Hazikwi mtu hapa!"

Sauti imetoka shimoni. Wajumbe wanaangusha mifuko. Minyororo inasimama. Ninachungulia, na chini kule kwenye shimo amelala Kapalata, chali, miguu kaikunja nne, mikono kaiweka chini ya kichwa.

Kapalata ni jirani yangu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu. Na kwetu mazishi bila mtani si mazishi. Mtani ataingia kaburini kabla ya maiti, atalala humo, atakataa kutoka, atamtukana marehemu na wafiwa pamoja, mpaka watu wacheke huku machozi yanawatoka, ndipo atoke watu wazike. Lakini Mwanamvua alipofariki Kapalata alikuwa Urambo kwa ndugu zake, kwenye tumbaku. Kaburini kwa Mwanamvua hakuingia mtani. Tulichimba tukafukia, kimya, kama watu wanaoficha kitu.

"Kapalata," nikasema, "toka humo. Hiki ni kikao cha dunia."

"Ehee! Mzaramo kapewa kiti!" akapiga makofi huko huko chini. "Nyie kazi mnaijua kwa kusikia, usingizi wenu unaanza kwenye ngoma na kuishia kwenye ngoma, leo mnaongoza dunia? Ndiyo maana imepata joto!"

Bwana wa Bolivia, ambaye walimpa umakamu, akamuuliza Katibu: "Huyu ni nani?"

Katibu akafikiri sana. "Hayumo kwenye kanuni," akasema.

"Kwa hiyo miaka yote tumezika bila yeye?"

"Miaka yote."

"Si mnaona?" Kapalata akadakia. "Mnafukia moshi, kesho unachungulia kwenye nyufa, mnasema jiwe bovu. Jiwe halina kosa. Kitu kilichozikwa bila kutukanwa hakitulii."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaomba jambo hilo liundiwe kamati.

Mimi nikamjibu kama tunavyojibizana siku zote. "Haya, mpagazi. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wewe leo umebeba nini?"

"Nimebeba habari yako, na ni nzito kuliko pembe. Unajua umemfungia nani humo?"

"Moshi."

"Moshi, eeh. Na siku ile askari wako wa vyandarua walikuwa wamejibanza wapi? Chini ya dirisha la zahanati! Muulize hilo bomba lako."

Nikamgeukia Katibu. Akaugeuza ufa wake upande wa pili.

"Ni kosa la kikazi, Mheshimiwa," akasema. "Kanuni inasema pumzi yoyote itokayo isirudi ni hewa chafu, inaswe. Vijana wakaona pumzi imetoka dirishani, wakangoja, haikurudi. Wakanasa. Hesabu ya mwaka ilishafungwa, kuifungua ni mchakato."

Kabla sijasema kitu, mlango wa Ghala ukagongwa kwa ndani. Kidogo tu, kama mtu anayegonga kwa ukucha.

"Baba Zuhura."

Zuhura ni binti yetu, ameolewa Kibiti. Duniani hakuna mtu mwingine aliyeniita kwa jina hilo kwa sauti ile, ya kuvuta mwisho. Ilikuwa imepungua kama siku zake za mwisho, lakini ni yake.

"Baba Zuhura, nifungulie. Humu tumebanana, na huyu moshi wa treni hana adabu."

Ufunguo uko shingoni kwangu. Mlango uko pale, hata mkeka ukiutandika unafika. Ninafumbua kinywa.

"Subiri kidogo, mama Zuhura," ninasema. "Kikao kinaendelea."

Niliyasikia maneno yale baada ya kuyasema. Wajumbe nao waliyasikia, wakapiga makofi.

Toka masika nilikuwa nikijiuliza yule bwana mkubwa ana moyo wa namna gani. Nilikuwa nalala na swali hilo na kuamka nalo. Nilidhani nikikutana naye nitaona kitu usoni, alama, kitu kama cha mnyama. Kumbe moyo wala hauulizwi. Mtu anakalishwa mahali laini, anaitwa Mheshimiwa, chai iko mkono wa kulia, na ufunguo ukiwa shingoni hauna uzito wowote. Unausahau kama unavyosahau sikio. Simsamehe. Naeleza tu jinsi kulivyo huko, maana nimefika.

Kapalata hakunikaripia. Alicheka. Alicheka mpaka shimo likawa linamrudishia.

"Sikilizeni, enyi watu wa dunia! Mume wa mtu huyo! Siku ile kavunja bega mlangoni, leo ufunguo unamning'inia kama kengele ya mbuzi, anasema kikao! Mwanamvua, dada yangu, nilikwambia uolewe Tabora, ukasema unapenda nazi! Haya, kula nazi!"

Mtani hapigwi, wala hakasirikiwi. Ukikasirika umepoteza. Na mimi nikasikia kitu kinapanda kutoka tumboni, nikadhani ni kilio, kikatoka ni kicheko. Nilikuwa sijacheka toka masika. Nilicheka bila mfuko, pumzi zikatapakaa ukumbini.

"Mheshimiwa!" kiti kikapiga ukelele. "Umetoa hewa!"

Nikasimama. Kiti hakikuniachia. Kilikuwa kimenishika kiuno kwa mikono yote miwili, na miguu yake minne ikaning'inia nyuma yangu. Basi nikaenda hivyo hivyo, nimeinama, kiti mgongoni, kama konokono aliyevaa kanzu.

"Kuna mengineyo, Mheshimiwa!" kiti kikawa kinalia. "Ajenda ya mengineyo bado!"

Katibu akaniziba njia. Hapo aliongea bila uheshimiwa, aliongea kama mtu. "Mzee, nisikilize. Ukifungua, watatoka wote. Joto unalijua wewe. Mpunga wenu umekauka mara ngapi?"

Na hilo nalo kweli. Joto nalijua. Nikasimama na ufunguo mkononi, na hapo ndipo niliuona uzito wake, ukanivuta mkono mpaka magotini.

"Mama Zuhura," nikasema mlangoni, "nikifungua ufa mdogo utapita?"

"Nimekonda, nitapita. Fungua."

Nikafungua kiasi cha kupitisha kidole. Hapo hapo moshi wote wa dunia ukaja mlangoni. Moshi wa treni ukaingiza mguu. Mlango ukaanza kunishinda, na bega langu ndilo hili hili. Kisha nikasikia mtu kule ndani amejitia katikati, kaupa mlango mgongo, anawasukuma wenzake nyuma.

"Pita, mama," alikuwa anasema. "Pita haraka. Mimi nawazuia."

Alikuwa yule moshi wa mahindi.

Mwanamvua akapita. Nikafunga. Nilifunga na yule mtoto akiwa ndani, na sikumwambia neno.

Pumzi haina umbo. Niliijua kwa sababu sikio langu moja lilipata joto.

"Kiti hicho umekitoa wapi?" sikio likaambiwa.

"Nimechaguliwa."

"Mh. Wamekosa watu."

Nilikuwa na maneno mengi, mengine niliyaweka toka siku ile, na yote yalikuwa ya kuwalaumu watu.

"Bega limepona?" akaniuliza.

"Bega gani?"

"Ulilokuwa unagongea mlango. Nilikuwa nakusikia. Nikasema, huyu ataumia bure, na kesho ana magunia ya kubeba."

"Limepona."

"Haya. Sasa mimi natoka vipi? Hapa hapana hata dirisha."

Nikatazama. Ni kweli, mwamba mtupu. Kitu pekee kilichokuwa kimesimama kutoka sakafuni mpaka juu kilikuwa Katibu.

"Inama," nikamwambia.

"Mheshimiwa, mimi toka nichaguliwe sijatoa hata chembe. Nimepewa na tuzo."

"Bwana, wewe ni dohani. Inama."

Akainama. Nikalivuta lile tambara, likatoka kwa shida kama jino. Akasimama wima tena. Nikasikia sikio langu linapoa taratibu, na joto likaingia kwenye ufa wa Katibu, likapanda. Suti yake ikatetemeka kuanzia chini, tai ikapepea, mpaka kule juu kabisa pakatoka kitu cheupe kidogo, chembamba, kikapita kwenye jiwe kama jiwe halipo.

"Aah," akasema Katibu Mkuu. "Nilikuwa nimesahau."

Kapalata akatoka shimoni, akajikung'uta vumbi la mawe kwenye kaptula.

"Sasa zikeni," akasema. "Mtani keshasema. Na wewe, Mzaramo, siku nyingine nikisafiri usifiwe, ngoja nirudi kwanza."

"Nitajitahidi."

"Na hicho kiti kitoe makalioni, watu wanatazama."

Nikakivuta kwa mikono miwili, kikaniachia ghafla, nikaanguka.

Nikaamka niko sakafuni, shuka limenizunguka kiuno. Kumekucha. Nje watoto wanapita kwenda shule. Nikakaa pale chini kidogo nikimtafuta mtu wa kumlaumu kwa kuanguka kwangu, halafu nikatamani chai.

Chai huwa nakunywa kwa mama ntilie barabarani. Jikoni kwa Mwanamvua sijaingia kupika toka azikwe. Kile kibanda cha uani kimefungwa kwa waya, mafiga matatu yamo humo na jivu lake, dirisha hakina, kuku wa kulichakura sina. Leo, sijui kwa nini, nikaifungua ile waya.

Mwanamvua alikuwa hana meno mawili ya mbele, yaling'oka alipomzaa Zuhura. Kwa hiyo moto hakuweza kuupuliza kama watu. Alichuchumaa upande wa kushoto, akaukunja mdomo, akapuliza kwa pembeni, na jivu lote likaenda kulia, likachafua ukuta. Maisha yetu yote nilimsema kwa ajili ya ule ukuta. Alipofariki nilikwenda nikaupaka chokaa, sijui nilikuwa nafanya nini.

Nikachuchumaa, nikatazama. Jivu lote lilikuwa limelala upande wa kulia, limevuka figa, na kwenye ile chokaa nyeupe lilikuwa limepanda mpaka kimo cha goti, laini, bado linaanguka.